Mtoto anayeogopa mvua tumwambie nini? Karibuni wazazi na walimu

Mwl Malezi (mleta mada)

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Dar, na pamoja na vipindi nimekabidhiwa malezi na unasihi. Shule yetu iko jirani na Bonde la Msimbazi. Wanaolijua hilo bonde hawahitaji maelezo marefu: mvua ikipiga usiku kucha, asubuhi Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani, na watoto wanaoishi bondeni wanakuja shule hawajalala, au hawaji kabisa.

Naomba tujadili hofu inayobaki kwa mtoto baada ya maji kukauka. Mafuriko yanazungumzwa kila mwaka, hiyo hofu haizungumzwi. Mawingu yakijikusanya tu, kuna watoto wanaacha kuandika na kukodolea dirisha. Wengine wanaomba kwenda chooni, ukiwafuata unawakuta getini wanatazama upande wa kwao. Yupo mmoja wa darasa la tatu ambaye mvua ikianza kupiga bati anaziba masikio kwa viganja na kulala juu ya dawati mpaka inyamaze. Analalamika tumbo, akipelekwa zahanati hakionekani kitu. Usiku maji yalipoingia kwao mdogo wake alitolewa ndani amebebwa mabegani na jirani, na yeye alikuwa anaona.

Hawa watoto hawaogopi kitu cha kusadikika. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 hapa Dar, na familia nyingi za mabondeni zikapelekwa Mabwepande. Waliokuwa watoto mwaka ule leo ni wazazi, na wapo ambao mpaka sasa mvua ya usiku hawalali. Halafu zikaja mvua za El Nino. Tarehe 3 Desemba 2023 tope la Mlima Hanang likashukia Katesh. Aprili 2024 Waziri Mkuu akaliambia Bunge kwamba watu 155 wamekufa nchini kutokana na mvua za msimu ule. Mei 4 Kimbunga Hidaya kikapiga karibu na Mafia, barabara ya kusini ikakatika Somanga. Yote hayo watoto waliyaona kwenye simu zetu, yakirudiwa na kurudiwa, mengine yameandikwa juu "dalili za mwisho wa dunia". Mtoto mdogo akiona video ile ile mara nyingi hajui kwamba ni tukio moja. Kwake kila ikirudiwa nyumba nyingine imesombwa.

Majibu yetu wakubwa mnayajua. "Acha uoga, mtoto wa kiume wewe." "Mvua tu hiyo, hakuna kitu." Mtoto aliyeona godoro lao linaelea anajua kitu kipo. Ukimwambia hakipo atakunyamazia, na hofu atabaki nayo peke yake usiku.

Ninachoamini baada ya kukaa na hawa watoto ni hiki: mtoto anatulia akijua kwamba mkubwa wake anaiona hatari ile ile anayoiona yeye, na kwamba huyo mkubwa ana mpango ambao na yeye mtoto amepewa kazi ndani yake. Mpango uwe wa kweli. Watoto wanajua upesi sana tukiwapoza tu.

Shuleni tulianza na kopo. Lile kopo la bati la maziwa ya unga, lililonyooka kuanzia chini mpaka juu. Tumeliweka uwanjani mbali na paa na mwembe, tukalizungushia mawe lisiangushwe na upepo. Saa tatu asubuhi, saa ile ile wanayopima watu wa hali ya hewa, watoto wawili wa zamu wanachovya rula mpaka chini, wanasoma maji yamefika milimita ngapi, wanaandika kwenye chati ukutani, halafu wanamwaga. Basi. Lakini chati ile imewafundisha kitu ambacho mimi kwa maneno nilishindwa kuwafikishia: siku nyingi za mvua ni milimita 4, 9, 15. Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) wanaposema mvua kubwa wanamaanisha inayozidi milimita 50 ndani ya saa 24, na hizo kwenye chati yetu ni chache. Yule wa kuziba masikio nilimpa zamu. Mvua bado haipendi, sitawadanganya. Ila sasa ikianza ananiuliza, "Mwalimu, hii itafika ngapi?" na darasa zima linaanza kukisia.

La pili ni yale maneno ya TMA: angalizo, tahadhari, tahadhari kubwa. Watoto wetu wanajua tofauti yake na rangi zake, njano, machungwa, nyekundu. Kila ngazi tumeipa la kufanya. Ikiwa angalizo, madaftari na sare vinawekwa juu ya kabati. Ikiwa tahadhari, begi la familia linakaa mlangoni: vyeti vya kuzaliwa, kadi za kliniki, dawa za bibi, tochi, vyote ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa. Ikiwa tahadhari kubwa na mnaishi bondeni, mnalala kwa ndugu aliye juu kabla maji hayajaja. Hilo la mwisho linawahusu wazazi, na niliwaita mmoja mmoja kuongea nao, maana mtoto hawezi kuliamua.

Nataka kusikia kwenu. Mnawaambia nini watoto? Nini kimesaidia, nini hakijasaidia? Walioko mikoani na nje ya nchi pia karibuni.


Mchambuzi Huru

Mwalimu nakuheshimu na kazi unayofanya ni njema, lakini niseme ninavyoona. Haya ya "wasiwasi wa mazingira" tumeletewa. Ulaya mtoto ameshiba, ana bima, ana chumba chake, anabaki na nafasi ya kuogopa dunia kuisha. Wa kwetu anahitaji mtaro uzibuliwe na baba yake apate fidia ahame bondeni. Ukimtuliza mtoto aendelee kulala mahali ambapo maji yatamkuta, umemsaidia nini? Hofu ndiyo inayomfanya akimbie.


Mama Mapacha

Mchambuzi Huru, una watoto? Nauliza kwa heshima. Mimi ninao wawili, tunakaa Hananasif. Mtaro uzibuliwe ndiyo, nimeshaenda serikali ya mtaa mpaka wananijua kwa jina. Lakini leo usiku ikinyesha, mtaro bado umeziba na mtoto amenikumbatia shingo anatetemeka. Kwa usiku huo nifanyeje?

Mwalimu, swali langu. Wa kike anaongea, anauliza, analia, yanaisha. Wa kiume haongei kabisa. Tangu maji yalipoingia ndani masika iliyopita ameanza kukojoa kitandani, na alikuwa ameshaacha zamani. Yuko darasa la pili. Anacheza mchezo mmoja tu, anapanga viatu vyetu sakafuni kama mitumbwi na kuvipakia vijiti, anasema ni watu, anawavusha. Kila siku hivyo hivyo. Baba yake anasema niuzuie huo mchezo unamrudisha kule kule.


Nesi wa Zamu

Mama Mapacha, pole sana. Nafanya kazi wodi ya watoto, nikujibu ninachokijua.

Huo mchezo usiuzuie. Mtoto wa umri huo hana maneno ya kukueleza alichokiona, anakieleza kwa viatu. Kaa naye chini, uwe mmoja wa abiria. Angalia mchezo unaishaje. Kama watu wanavuka, mwache. Kama kila mara wanazama na yeye anatoka hapo amekasirika au amenyong'onyea zaidi, ongeza kitu: "Ngoja, huyu jirani ana kamba, tumrushie." Usimlazimishe kukusimulia usiku ule. Akianza mwenyewe, msikilize mpaka mwisho, usimkatize na "lakini sasa tuko salama".

Kukojoa kitandani kwa mtoto aliyekuwa ameacha ni kawaida baada ya tishio. Vivyo hivyo kunyonya kidole, kung'ang'ania kanga ya mama, kuogopa kwenda chooni peke yake. Usimwaibishe, na godoro lisianikwe mahali wenzake wa mtaani wataliona. Mpeleke haja kabla ya kulala na umwamshe mara moja usiku. Ila apimwe mkojo pia, UTI na sukari zipo, tusije tukasingizia mafuriko.

Kwa wengi dalili hizi hupungua zenyewe ndani ya wiki chache kama nyumbani kumetulia. Zikipita mwezi bila kupungua, au mtoto haendi shule, hali, hachezi, au anasema maneno ya kutaka kufa, hapo nenda kituo cha afya umwone afisa ustawi wa jamii, au hospitali ya rufaa ya mkoa kitengo cha afya ya akili. Wewe umesema tangu masika iliyopita, kwa hiyo usisubiri. Pia ipo namba 116, ya bure, Huduma ya Simu kwa Mtoto. Mzazi anaweza kupiga, na mtoto mwenyewe anaweza kupiga.

Kwa usiku wenyewe, wakati anatetemeka: mkono wake uweke juu ya tumbo lake, mvute pumzi pamoja mpaka tumbo linyanyue mkono, mtoe polepole kama mnapoza uji. Fanya na wewe kwelikweli, maana mtoto anausikia moyo wako unavyokwenda.


Mama Mapacha

Asante dada yangu. Jumatatu naenda naye. Mungu akubariki.


Mtu wa Katesh

Nimesoma huu uzi mpaka nikasimama kidogo.

Huku kwetu watoto waliacha kuogopa mvua wakaanza kuogopa mlima. Hanang unauona kila unapotoka nje, huna pa kujificha. Siku ile ilikuwa asubuhi ya Jumapili. Baada ya pale mtoto wa dada yangu alikuwa halali mpaka ageuziwe kitanda asiangalie upande wa mlima.

Kilichotuumiza zaidi ni maneno ya mtaani. Watu walisema volkano imeamka, mlima utalipuka tena. Wakubwa tukawa tunaongea hivyo mbele ya watoto kana kwamba hawasikii. Serikali ilipoleta wataalamu wakaeleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji mengi ikameguka, ikateremka na miti na mawe, wala si volkano, mimi mwenyewe nilipumua. Nikamchukua yule mtoto na ndoo ya udongo, tukatengeneza kilima, tukamwagia maji kidogo kidogo. Mwanzoni udongo unameza tu. Baadaye ghafla upande mmoja unashuka. Aliniomba turudie, nadhani tulirudia mpaka giza. Halafu akauliza swali zuri kuliko yote: "Sasa tutajuaje umeshakunywa maji mengi?" Nikamwambia mvua ya siku nyingi mfululizo, maji ya mto kubadilika kuwa tope, nyufa kwenye ardhi, mlio wa kuunguruma kutoka juu. Ukiona au ukisikia hivyo hungoji mtu, unatoka njia ya maji unapanda pembeni. Alivikariri kama sala.

Sijui kitaalamu inaitwaje hiyo. Ninachojua alianza kulala.


Mchambuzi Huru

Mtu wa Katesh, poleni sana. Hilo la kilima cha udongo nimelielewa kabisa, kwa sababu mtoto amepewa elimu ya kujiokoa. Hapo sina ubishi.


Mbongo Ughaibuni

Niko Minnesota. Niseme kuhusu hoja ya Mchambuzi Huru kwamba haya ni ya Ulaya.

Mwaka 2021 jarida la Lancet Planetary Health lilitoa utafiti wa vijana 10,000 wa miaka 16 mpaka 25 katika nchi kumi. Uingereza, Ufaransa, Marekani na Finland zilikuwemo, lakini pia Nigeria, India, Brazil na Ufilipino. Asilimia 59 walisema wana wasiwasi mkubwa au mkubwa sana juu ya tabianchi, na zaidi ya asilimia 45 walisema hali hiyo inawaharibia maisha ya kila siku: masomo, usingizi, kula. Wengi walisema pia wanaona serikali zinawaangusha. Kwa hiyo si mambo ya walioshiba peke yao.

Tofauti ipo hata hivyo, na ninaiona ndani ya nyumba yangu. Binti yangu huku hajapitia mafuriko. Majira ya joto ya 2023 moshi wa moto wa misitu ya Kanada ulifika hapa kwetu, anga ikawa ya njano, shule ikawaambia wasicheze nje. Tangu hapo anasoma kila kitu mtandaoni, barafu, dubu, miaka iliyobaki. Anaogopa jambo kubwa lisilo na umbo. Mtoto wa Msimbazi anaogopa maji yenye njia inayojulikana. Huyu wangu nimhamishe wapi? Nimweke wapi begi mlangoni? Nakwama, na nawauliza kwa dhati.


Mwl Malezi

Mbongo Ughaibuni, swali lako gumu na sitaki kulijibu kirahisi. Nadhani umri una nafasi yake. Ana miaka mingapi?


Mbongo Ughaibuni

Kumi na mbili.


Mwl Malezi

Basi huyo ni mkubwa, anaweza kubeba ukweli mzima ukiwepo wewe pembeni. Ningeanza kwa kumpunguzia muda wa kusoma hizo habari peke yake usiku. Msome wote mchana, na kila habari muulizane: hili limeshatokea, linaendelea, au mtu anakisia? Watoto wa umri huo wanachanganya hayo matatu.

Halafu kile kitu kikubwa kikatieni kipande kimoja kinachowezekana kushikwa. Na kusiwe na kumwambia kwamba akizima taa ataiokoa dunia, huo ni mzigo asiostahili. Hakuuanzisha yeye. Mpe kazi anayoifanya na watu wengine, aone wakubwa nao wamevuja jasho. Mtoto akifanya peke yake atachoka na hofu itarudi.


Pwani Kusini

Hapo kwenye "na watu wengine" ndipo nilipotaka kuingia. Mimi ni wa Gazi, Kwale, huku Kenya.

Sisi hapa tuna mradi wa Mikoko Pamoja, ulianza 2013. Jamii inalinda hekta 117 za mikoko, hewa ya kaboni ambayo miti inainyonya na kuihifadhi inauzwa kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao, na pesa zinarudi kijijini: maji ya bomba, vitabu vya shule. Watoto wetu wanalijua hilo bila kufundishwa darasani kwa sababu mfereji wanaouchotea maji umetokana na msitu wanaouona.

Nawaambia kinachotokea siku ya kupanda. Maji yakitoka, watoto wanashuka na wakubwa kwenye matope mpaka magotini. Mbegu ya mkoko ni ndefu kama rula, haihitaji shimo wala mbolea. Unaishika, unaidunga ncha kwenye tope, unasonga hatua, unadunga nyingine. Mtoto wa miaka sita anaweza. Mbegu za mchu na mlilana, aina nyingine za mikoko, hazipandwi hivyo, kwa hiyo wazee wanasimama pale kuwafundisha ipi ni ipi na ipi inapenda kukaa wapi. Nyingine zinakufa, kaa wanazitafuna, mawimbi yanazing'oa. Watoto wanaona hilo pia, na msimu unaofuata wanarudi kujazia mapengo. Mimi naona hapo ndipo wanapopata nguvu, kwa sababu wameshazoea kwamba kuna zitakazokufa na kazi inaendelea.

Mwaka 2024 mafuriko yalipofanya serikali icheleweshe kufungua shule nchi nzima mpaka katikati ya Mei, watoto wengi Kenya walikaa ndani na simu wakitazama Mai Mahiu, ambako maji yaliua watu wengi. Wa kwetu tuliwatoa ufukweni.


Fundi Mitaro

Mwalimu, kopo lako zuri lakini nina angalizo la kitaalamu. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu huko Kisarawe. Inaweza kunyesha kule usiku, kopo lako likasoma sifuri, na maji yakaja Kigogo na Jangwani hivyo hivyo. Mtoto aliyefundishwa kwamba kopo tupu ni usalama anaweza kudhurika. Tafadhali hilo liwekwe wazi.


Mwl Malezi

Fundi Mitaro, umesema jambo la msingi na nashukuru limeandikwa hapa wengine walione. Darasani tumechora mto wote kwa chaki sakafuni, kutoka Pugu mpaka unapoingia baharini pale Salenda, na watoto wanasimama juu yake kila mmoja mahali kwao. Wa Pugu anasema "kwangu inanyesha", ujumbe unapita mtoto kwa mtoto mpaka Jangwani. Kwa hiyo wanajua kwamba kopo ni la hapa, na mto una habari zake za juu. Ndiyo maana matangazo ya TMA yanakuja kwanza, kopo baadaye.

Ila nikuombe, kama unaweza kuja shuleni siku moja uwaeleze daraja jipya la Jangwani na kazi za bonde zinafanyaje kazi, nitakutumia ujumbe. Wanataka kusikia kwamba kuna wakubwa wanalishughulikia.


Fundi Mitaro

Nitakuja. Nitumie.


Mzee wa Mlau

Wanangu, mimi ni wa Rufiji, umri umekwenda. Mjukuu ananiandikia.

Sisi tulizaliwa ndani ya mafuriko. Zamani watu walikaa bondeni, shambani tulikuwa na dungu, nyumba juu ya nguzo ndefu, unapanda kwa ngazi. Maji yakija unakaa juu na kuku wako, mtumbwi umefungwa kwenye nguzo. Maji yakishuka yanaacha udongo mweusi, hapo tunalima mlau, yaani tunapanda mahindi na kunde juu ya unyevu ule. Na samaki kwenye mabwawa, kambale wakubwa. Mtoto alikuwa anayajua maji yanakuja kwa miezi gani na yanaacha nini. Kazi yangu nikiwa mdogo ilikuwa kijiti. Baba alinipa kijiti nikichomeke pale maji yalipoishia, kila nikiamka niende kutazama kimezama au kimebaki nchi kavu, nirudi kumwambia. Nilijiona mtu mkubwa. Mwalimu aliposema kopo nimecheka kwa furaha.

Halafu mwishoni mwa miaka ya sitini tukahamishwa, ikawa vijiji huku juu. Nyumba zikajengwa chini, za udongo, na wengine walirudi bondeni kulima lakini ule ujuzi wa dungu hawakuupata wote. Ya 2024 yalikuwa makubwa, Muhoro na Chumbi watu waliteseka sana, mashamba yakazama yote. Wajukuu zangu waliogopa. Siwezi kuwaambia maji ni rafiki tu, wamezika. Ninawaambia maji yana tabia, na tabia inasomwa.


Mwl Malezi

Mzee wangu shikamoo. Nimewasomea darasa la nne maneno yako neno kwa neno. Wamechora dungu. Wameuliza choo kilikuwa wapi.


Mzee wa Mlau

Marahaba mwanangu. Waambie kila kitu kilikuwa na mtumbwi wake.


Mkaazi wa Ruwi

Assalaam alaykum kutoka Maskati. Nitaandika kwa ufupi kwa sababu ni jambo zito. Aprili 2024 wanafunzi walisombwa na maji ya wadi (bonde kavu linalojaa ghafla mvua ikinyesha) huko Samad al-Shan, watoto wadogo wakitoka shule. Nchi nzima ililia. Wanangu hawakuwajua lakini ni wa umri wao, na wanapanda basi kama wao. Kwa muda mrefu mdogo alikataa basi. Lililosaidia ni dereva mwenyewe kumwambia mbele yangu: "Nikiona maji yanavuka barabara, nasimamisha gari. Hata kama maji ni ya kifundo cha mguu. Hata kama wengine wanavuka." Mtoto akamuuliza mara mbili, akajibiwa mara mbili. Ahadi kutoka kwa mtu anayeshika usukani ilikuwa na uzito kuliko yote niliyosema mimi.


Ustaadh Mtaa

Waalaykum salaam. Mwalimu umegusa zile video za mwisho wa dunia. Niwaombe wenzangu wa misikitini na wachungaji pia: tusiwatishe watoto kwa kiama kila mvua inaponyesha. Nimesikia mtoto akiambiwa nyumba ya kina fulani imeondoka kwa sababu ya madhambi yao, na mtoto wa nyumba hiyo amekaa palepale. Hiyo ni dhuluma.

Mtume, rehema na amani zimshukie, mvua ikinyesha alikuwa akiomba "Allahumma sayyiban naafi'an", iwe mvua yenye manufaa. Ikizidi aliomba ishuke pembezoni mwetu, isiwe juu yetu. Dua fupi, mtoto wa chekechea anaishika. Inamfundisha kwamba mvua ina heri yake na ina kuzidi kwake, na yote mawili yanasemeka mbele ya Mola. Na tuliambiwa pia kwamba Kiyama kikisimama na mkononi mwako una mche, ukiweza kuupanda, upande. Madrasa kwangu kila mtoto ana mche wake, wengine wa mwarobaini, wengine wa mpera. Anauombea dua na anaumwagilia.


Mchambuzi Huru

Nimefuatilia tangu juzi. Msimamo wangu wa mtaro na fidia uko pale pale, na naona hakuna aliyeupinga. Nilichokubali ni kwamba mtoto hawezi kusubiri mpaka tushinde hiyo vita. Mwalimu, niko Tabata, mabondeni pia. Nataka kuanzisha hilo kopo kwenye shule ya mtaani kwetu kupitia kamati ya shule, mimi ni mjumbe. Kuna la kuzingatia?


Mwl Malezi

Karibu sana mkuu, hapo umenifurahisha.

Kopo lisiwe limebonyea chini na lisiwe la mdomo mwembamba kuliko tumbo lake, la sivyo kipimo kinadanganya. Lisikae chini ya paa wala mti, umbali uwe angalau mara mbili ya urefu wa kile kilicho karibu. Rula za shule nyingi sifuri yake haianzii kwenye ncha, kuna milimita kadhaa za plastiki tupu, kwa hiyo ikate sawasawa na sifuri, au mfundishe mtoto kuongeza. Mwagieni maji yote baada ya kusoma, msiache yakalala humo, mtafuga mbu.

Zamu wapeni kwanza wale wanaoogopa zaidi, lakini msiwatangaze. Na usimlazimishe mtoto kutoka wakati inanyesha. Yule wa kwangu alianza kwa kuandika kwenye chati tu, ndani. Kwenye kopo alikwenda mwenyewe alipokuwa tayari.

Hilo la mtaro lipelekeni kwenye kikao hicho hicho cha kamati, na watoto waje na chati yao. Namba zilizoandikwa na watoto zinasikilizwa.


Mchambuzi Huru

Kikao ni Alhamisi. Nitaleta mrejesho hapa.